Nani kachukua kurasa za mwanzo za dunia?

Ukitaka kumpima mwandishi wa habari uvumilivu wake, mtume masijala. Anafika, anajiandikisha kwenye daftari, anasubiri saa mbili, mhudumu anarudi na faili limejaa vumbi. Analifungua na kukuta folio ya kwanza ni namba 57. Folio namba moja hadi hamsini na sita hazipo. Ukiuliza zimekwenda wapi unaambiwa "tulizikuta hivyo hivyo". Na ajabu ni kwamba kesi nzima, yaani nani alianza, nani alimpa nani kiwanja, iko kwenye hizo hamsini na sita.

Siku hizi nimekuwa nikisoma habari za faili jingine la namna hiyo, ila hili ni kubwa kuliko yote. Ni faili la dunia yenyewe. Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.54. Jiwe la kale kuliko yote ambalo umri wake haubishaniwi sana, lile la Acasta huko kaskazini-magharibi mwa Kanada, lina miaka bilioni 4.03. Katikati hapo kuna pengo la miaka milioni 500. Miaka milioni mia tano ya mwanzo, ambayo ndani yake dunia ilipata mwezi wake, bahari yake na ardhi yake ya kwanza, na hakuna jiwe moja linalokubaliwa na wote lililobaki kusimulia.

Najua namba hizi hazimwingii mtu kichwani. Bilioni kwetu ni habari ya ufisadi, si habari ya miaka. Basi tuchukue reli ya TAZARA, ile inayopita Ifakara. Urefu wake kutoka Kapiri Mposhi, Zambia, hadi Dar es Salaam ni kilomita 1,860. Tuseme umepanda treni Kapiri Mposhi siku dunia inazaliwa na unashuka Dar leo hii. Kila kilomita moja ni miaka karibu milioni 2.4. Kwa zaidi ya kilomita 200 za kwanza ukichungulia dirishani hakuna kitu, hakuna hata kokoto iliyobaki mahali pake. Miamba ya kale ya Tanzania, kama ile ya Mwanza ambayo watu hupenda kupigia picha pembeni ya ziwa, unaikuta ukiwa umebakiza kilomita kati ya 1,000 na 1,200. Dinosaria wanakufa ukiwa umebakiza kilomita 27. Binadamu wa aina yetu anaingia zikiwa zimebaki mita 120 hivi, abiria wameshasimama wanashusha mizigo. Na historia yote iliyowahi kuandikwa, kuanzia maandishi ya kwanza hadi gazeti la leo asubuhi, ni mita mbili za mwisho.

Sasa mtu mwenye akili atauliza: kama mwanzo hauna ushahidi, huo umri wa bilioni 4.54 umetoka wapi? Swali zuri. Jibu ni kwamba nakala za faili zilikuwa ofisi za jirani.

Mwaka 1956 Mmarekani mmoja, Clair Patterson, alichapisha hesabu iliyotokana na kupima madini ya risasi yaliyomo ndani ya vimondo. Vimondo ni vifusi vya ujenzi. Ni kama matofali na kokoto zinazobaki uwanjani nyumba ikishakwisha: hazikutumika, lakini zilitoka kwenye lori lile lile. Kwa hiyo ukipima umri wa kifusi, umepata umri wa nyumba. Patterson alipata miaka bilioni 4.55, na tangu hapo hesabu hiyo imeguswa kidogo sana. Sisi tunacho kifusi chetu, kile Kimondo cha Mbozi kilichopo mkoani Songwe, pande la chuma lenye uzito wa tani nyingi. Vimondo vya chuma kwa ujumla viliumbika mwanzoni kabisa mwa mfumo wa jua. Kwa hiyo kitu cha kale kuliko vyote ambacho Mtanzania anaweza kukigusa kwa mkono wake, si cha dunia hii. Kilianguka tu.

Jirani wa pili ni mwezi. Mawe ambayo wanaanga wa Apollo walirudi nayo kati ya 1969 na 1972 yamo yenye zaidi ya miaka bilioni 4.3. Yalikuwa yamekaa tu pale juu, wazi, yakisubiri kuokotwa. Mwezi ulizaliwa baada ya dunia, lakini mawe yake ni ya kale kuliko mawe yetu. Hapo ndipo swali langu linapoanza kuwasha. Kama jirani katunza makaratasi yake, sisi ya kwetu kachukua nani?

Watuhumiwa ni wanne. Na raha ya jambo hili ni kwamba huna haja ya kwenda Kanada wala Australia kuwatafuta. Watatu kati yao wako kazini hadi leo, na kazi yao inaonekana katika bonde la Kilombero na milima inayolizunguka.

Mtuhumiwa wa kwanza ni maji. Ukiwa Ifakara, tazama kaskazini-magharibi, utaona ukuta wa milima ya Udzungwa. Kilele chake cha juu, Luhombero, kina mita 2,576 kutoka usawa wa bahari. Hapo uliposimama wewe ni kama mita 300 tu. Kwenye ukuta ule mvua inanyesha, mizizi inapenya kwenye nyufa, jiwe linaoza taratibu, na kila masika mito inabeba kilichooza kuteremka nacho. Lumemo unaujua vizuri kama umewahi kukaa Ifakara, hasa ule mwaka ambao ulikuja hadi mlangoni. Maji hayo yote yanaingia mto Kilombero, Kilombero unakutana na Luwegu, unazaliwa Rufiji, na Rufiji unakwenda Bahari ya Hindi. Siku hizi sehemu ya mzigo huo wa mchanga na tope inanasa njiani kwenye Bwawa la Julius Nyerere, lakini bwawa ni jambo la juzi. Kwa mamilioni ya miaka safari ilikuwa moja kwa moja hadi baharini.

Tufanye hesabu ndogo ya mfano. Tuseme mlima unapoteza sehemu ya kumi tu ya milimita kwa mwaka, yaani milimita moja kila miaka kumi. Hakuna mtu anayeweza kuiona kwa macho. Lakini kwa mwendo huo mlima wa mita 2,500 unakwisha katika miaka milioni 25. Na kutoka mwanzo wa dunia hadi leo muda wa kumaliza mlima kama huo ungeweza kujirudia zaidi ya mara 160. Udzungwa bado imesimama kwa sababu ardhi chini yake ilinyanyuliwa na nyufa kubwa zilizoliangusha bonde. Milima ya ujana wa dunia haikuwa na bahati hiyo milele. Ilisagwa, ikawa mchanga, mchanga ukawa mwamba, mwamba ukasagwa tena. Ni sawa na kiwanda kinachochukua magazeti ya zamani na kuyasaga ili kitengeneze karatasi mpya. Karatasi ipo, habari iliyokuwa imeandikwa juu yake haipo.

Mtuhumiwa wa pili ni moto wa chini. Huyu tunamkuta ng'ambo ya mto, Mahenge. Zamani ulikuwa unavuka kwa kivuko, na mkasa wa Januari 2016 kivuko kilipopinduka wengi wetu tunaukumbuka. Leo kuna daraja la mita 384. Ukipanda hadi Mahenge unafika nchi ya wachimbaji wa vito. Mwaka 2007 kule Ipanko yalipatikana madini ya spineli, mekundu yanayoelekea waridi, na pande moja lilikuwa na zaidi ya kilo 50. Dunia nzima ya wauza vito iligeuka kutazama Mahenge. Wachimbaji wanajua kwamba vito vile vinatoka kwenye marumaru. Na jirani na marumaru kuna kinywe, ile malighafi nyeusi ambayo makampuni ya betri yanaitafuta.

Wengi hatuliwazi hili: marumaru ni chokaa iliyopikwa, na chokaa hiyo ilitandikwa chini ya bahari. Kinywe nacho ni kaboni iliyopikwa, na kwenye miamba ya namna hii kaboni hiyo kwa sehemu kubwa ni mabaki ya viumbe vidogo vilivyoishi majini. Kwa hiyo Mahenge, juu kule kwenye baridi, palikuwa na sakafu ya bahari. Lakini usijisumbue kutafuta alama ya kiumbe chochote. Miaka kama milioni 640 iliyopita mabara mawili yaligongana, na miamba hii ilibanwa katikati, ikazamishwa chini sana na kuokwa. Majabali ya Furua, kusini mwa bonde, yalipimwa na wanajiolojia wakakuta yaliwahi kufikia joto la nyuzi 800 hivi, kilomita zaidi ya thelathini chini ya ardhi. Jiwe likifika huko linapangwa upya. Punje zinakua upya, alama za zamani zinafutika, na mara nyingi hata saa iliyomo ndani ya madini yake inarudi sifuri. Jiwe linatoka huko likiwa zuri zaidi, lina spineli na rubi, lakini ukilihoji utoto wake linakujibu kama mtu aliyepoteza fahamu.

Ukanda huu wa miamba iliyookwa unapita Mahenge, Udzungwa, Uluguru na kwenda mbali kaskazini na kusini. Unaitwa Ukanda wa Msumbiji, na aliyeupa jina hilo ni Mwingereza Arthur Holmes. Jamaa huyu nampenda. Mwaka 1911, akiwa na miaka 21, alikwenda Msumbiji kutafuta madini kwa sababu alikuwa hana hela. Madini ya maana hakupata, alichopata ni malaria iliyomlaza hoi. (Watu wa Ifakara, mji unaojulikana duniani kwa utafiti wa malaria, watamwonea huruma.) Miaka miwili baadaye, 1913, alitoa kitabu kuhusu umri wa dunia, akitumia mbinu mpya ya kupima urani inavyogeuka kuwa risasi ndani ya mawe. Wakati huo wanajiolojia wengi walikuwa wakisema dunia ina miaka kama milioni mia moja. Kijana akasema hapana, kuna mawe yenye zaidi ya miaka bilioni moja na nusu. Alikuwa na haki kuliko wazee.

Mtuhumiwa wa tatu ndiye mkubwa wao: ardhi yenyewe kujimeza. Uso wa dunia umekatika mabamba makubwa yanayotembea polepole, kwa kasi inayokaribiana na ile ya kucha kuota. Bamba la chini ya bahari likikutana na lenzake, moja linazama kurudi tumboni mwa dunia na kupotea. Matokeo yake ni kwamba karibu sakafu yote ya bahari tuliyonayo leo haizidi miaka milioni 200. Kwenye reli yetu hizo ni kilomita 80 za mwisho kati ya 1,860. Theluthi mbili ya uso wa dunia ni maji, na chini ya maji hayo faili halina chochote cha zamani.

Ushahidi wa kumezwa huko nao tunao karibu. Vuka Udzungwa utokee upande wa Iringa, nenda Isimani. Mwaka 1995 watafiti walitangaza kwamba kuna mwamba pale wa aina inayoitwa eklojiti, ambao kwa kawaida hutengenezwa pale bamba la bahari linapozamishwa kwa mgandamizo mkubwa, na kwamba una miaka bilioni 2. Wakati huo haukujulikana mwingine wa kale zaidi yake. Kipande kile kilimezwa kikatapikwa. Bahati ya mtende. Kwa kila kipande kilichotapikwa, hesabu mwenyewe vilivyobaki tumboni.

Mtuhumiwa wa nne hayupo tena kazini, ila alama zake zipo. Ni utoto wa dunia wenyewe. Wataalamu wengi wanaamini kwamba dunia ikiwa bado changa iligongwa na gimba lenye ukubwa kama wa sayari ya Mirihi, vifusi vya ajali hiyo vikawa mwezi, na uso wote wa dunia ukayeyuka ukawa bahari ya uji wa moto. Hapo hakuna jiwe linaloweza kubaki. Baadaye uso ulipoganda, vimondo viliendelea kunyesha kwa muda mrefu. Tazama mwezi mpevu usiku wa leo, yale madoadoa ni makovu ya mvua hiyo. Dunia ni kubwa kuliko mwezi na ina mvutano zaidi, kwa hiyo ilipigwa zaidi. Na ganda lenyewe la wakati ule yaelekea lilikuwa zito na jeusi, la aina inayozama kirahisi, si jepesi kama la mabara ya leo.

Basi hao ndio wanne. Sasa kuna kitu kimoja walishindwa kukiharibu.

Kuna madini yanayoitwa zirkoni. Ni punje ndogo, mara nyingi ndogo kuliko chumvi ya mezani, na ni kaidi kupita kiasi. Maji hayaiozeshi, mto ukiisaga inabaki, moto wa chini ukiioka mara nyingi inaota ngozi mpya kwa nje na kubaki na kiini chake cha zamani ndani. Ikijiumba inakaribisha urani kidogo na kuikataa risasi. Urani inageuka risasi kwa mwendo usiobadilika: aina moja hubaki nusu kila baada ya miaka bilioni 4.47, nyingine kila baada ya miaka milioni 704. Kwa hiyo ukikuta risasi ndani ya zirkoni unajua imezaliwa humo humo, na ukihesabu unapata siku ya kuzaliwa. Saa mbili ndani ya punje moja, na kama zote zinasema saa ile ile, ushahidi umesimama.

Mwaka 2001 wanasayansi walitangaza punje za namna hiyo kutoka vilima vya Jack Hills, magharibi mwa Australia, na ya kale kuliko zote ilikuwa na miaka karibu bilioni 4.4. Kwenye reli yetu hapo ndiyo kwanza umetoka kilomita 60 kutoka Kapiri Mposhi. Mwamba zilimokutwa si wa kale hivyo, ni mchanga ulioganda miaka kama bilioni 3 iliyopita. Mwamba wa kwanza uliozizaa ulishasagwa zamani, punje zikahamia nyumba nyingine. Kama karani aliyeokoa karatasi moja kwenye ofisi inayoungua akaitia mfukoni na kuhamishiwa wilaya nyingine.

Karatasi hiyo ilisema nini? Ilibadilisha hadithi nzima. Mwaka 1972 Mmarekani Preston Cloud aliuita muda ule kwa jina la Hades, kuzimu ya Wagiriki, kwa sababu kila mtu alidhani ulikuwa jehanamu tupu ya moto. Lakini oksijeni iliyo sehemu ya fuwele za baadhi ya zirkoni za Jack Hills ni ya uwiano ambao unapatikana mwamba unapokuwa umegusana na maji yasiyo ya moto sana. Maana yake kulikuwa na maji ya kimiminika, labda bahari, zaidi ya miaka bilioni 4.3 iliyopita. Kuzimu ilikuwa na maji. Jina limebaki, ila maana yake imekwisha.

Zirkoni si mgeni kwetu. Mchanga wa pwani ya kusini mwa Dar, kule Fungoni, Kigamboni, unazo. Vigae vyeupe vinavyong'aa sebuleni kwako huenda vimewekewa unga wake, maana viwanda huutumia kupata weupe ule. Unafuta kwa dekio kila asubuhi na hujui.

Lakini hapa nataka tuwe waangalifu, kwa sababu najua tabia yetu. Mtu akisikia "ushahidi umepotea" anajipa leseni ya kusema lolote. Wanasayansi wa mambo haya hawana leseni hiyo. Mwaka 2008 kundi moja lilitangaza kwamba mawe ya Nuvvuagittuq, mashariki mwa Kanada, yana miaka bilioni 4.28. Wenzao wakakataa, wakasema njia iliyotumika inaweza kuwa imepima kitu kingine. Ubishi ukaendelea miaka na miaka. Mwaka 2025 ikatoka kazi nyingine yenye vipimo viwili vinavyokubaliana, ikataja bilioni 4.16 kwa sehemu ya mawe yale. Wapo ambao bado wanataka zaidi. Huo ndio utaratibu: ushahidi mdogo, dai dogo, na chanzo cha pili kabla ya kwenda mitamboni. Wahariri wetu wangefurahi.

Jambo la pili nililojifunza ni gumu kidogo. Nilianza nikimtafuta mhalifu, na nimefika mahali nashindwa kumshitaki. Mwezi haujapoteza karatasi hata moja kwa sababu pale hakuna mvua, hakuna mto, hakuna ardhi inayotembea. Na hakuna mpunga. Kilombero ina mchele unaosifiwa Tanzania nzima kwa sababu Udzungwa inaoza. Lile tope linaloletwa na mafuriko ndilo shamba. Mkulima wa Kilombero anapanda kwenye kumbukumbu zilizosagwa. Mahenge wanauza vito kwa sababu bahari yao iliokwa. Dunia iliyotunza kila jiwe lake ingekuwa masijala nzuri sana, na isingekuwa na mtu wa kuifungua.

Lakini hilo halituondolei wajibu kwa kile kidogo kilichobaki, na hapa narudi kwa binadamu, maana Mahenge hiyo hiyo ina pengo jingine kwenye faili. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji wa Maji Maji waliishambulia boma ya Wajerumani Mahenge. Bunduki za rashasha zilikuwa zikiwasubiri. Walioandika habari za siku ile ni walioshika rashasha. Waliokufa hawakuacha taarifa, barua wala shajara. Kwa miaka zaidi ya sitini ukienda masijala folio zilizokuwepo ni za upande mmoja. Na si ajabu mwaka 1963 profesa mmoja wa Oxford, Hugh Trevor-Roper, akatamka hadharani kwamba kwa Afrika hakuna historia ya kufundisha isipokuwa ya Wazungu waliokuwemo, iliyobaki ni giza. Aliona hakuna karatasi, akahitimisha hakukuwa na kitu. Ni kosa lile lile la kutazama pengo la miaka milioni 500 na kusema dunia haikuwepo.

Dawa yake ilikuwa ile ile pia. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na John Iliffe na Gilbert Gwassa, walitumwa vijijini kwenda kuwasikiliza wazee waliokuwa bado hai, walioiona vita ile au kusimuliwa na waliopigana. Hawakupata faili zima. Walipata punje. Mzee mmoja hapa, bibi mmoja pale, wakilinganisha simulizi ya huyu na ya yule kuona kama saa zinasema wakati mmoja. Sehemu kubwa ya tunachokijua leo kuhusu vita ile kwa mdomo wa waliopigwa imetoka kwenye punje zile. Wangechelewa miaka ishirini tu, wasingekuta mtu.

Zirkoni ina miaka bilioni nne ya kusubiri. Mzee wa Ifakara anayekumbuka Wachina wakitandika reli katika miaka ya sabini, au mto ulipokuwa unapita mahali pengine, hana muda huo. Mwamba ukisagwa huenda punje ikabaki. Mtu akiondoka na habari zake hakuna punje.

Kwa hiyo ukipata nafasi panda TAZARA, kaa upande wa dirisha, na mkifika kati ya Mlimba na Makambako, pale reli inapoukwea ukuta wa milima kwa mahandaki na madaraja marefu, tazama miamba iliyochongwa pembeni. Halafu geuka umuulize aliyekaa pembeni yako, hasa kama kakuzidi umri, yeye anatoka wapi na pale kwao palikuwaje zamani. Beba na kalamu.

Ni hayo kwa leo.